Tulivyoingoja Jana Mlimani

Siku hizi nasikia kuna Wabelgiji wanaopanda milima kwa hiari yao. Mjukuu wangu anapika nyumbani kwa mmoja wao, naye ananiambia kwamba jamaa hao hujitwika mikoba mgongoni, wakapita kijiji cha Kizuka, wakapanda mpaka msituni, wakalala kwenye vihema, kisha wakashuka wakisema wamefurahi sana. Niliuliza kama wanalipwa. Hapana. Niliuliza kama kuna aliyewatuma. Hapana. Basi nikanyamaza, maana si vizuri kumtukana mtu anayemlisha mjukuu wako.

Mimi nililala huko juu wakati wa Mdachi, na nimechoka tangu siku zile. Watu hudhani ni uzee. Uzee upo, sikatai, lakini uchovu wangu ulianza nikiwa mke mpya, meno yote kinywani, na nywele sijaona mvi hata moja.

Sisi watu wa Rumonge, wa zile nyumba za Waislamu, tulitazama ziwa. Babu zetu walivuka kutoka Manyema pamoja na wafanyabiashara, wakajenga ufukoni, wakapanda michikichi, nasi tukakua tukikamua mawese na kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mlima ulikuwa kitu cha mgongoni. Mvua ilitoka huko, Warundi walishuka kutoka huko siku za soko na mbaazi na ngozi zao, na jua lilichelewa kutufikia asubuhi kwa sababu yake. Zaidi ya hayo hatukuwa na habari nao. Ungemwambia mtu wa Rumonge wa enzi zile apande mlimani akalale huko, angekuuliza amekukosea nini.

Kisha akaja Mdachi mmoja wa kupima. Alikuwa na chombo cha shaba chenye miguu mitatu, anakichungulia kwa jicho moja, anaandika, anachungulia tena. Alitaka wapagazi. Mnyapara wake, mtu wa pwani ya mbali ambaye Kiswahili chake kilikuwa kama kimeoga na kupakwa marashi, alipita nyumba kwa nyumba akinyoosha kidole. Kila nyumba mtu mmoja. Kwetu kidole kilimwangukia mume wangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa.

Mume wangu hakuwa mtu wa mizigo. Alikuwa mshona kofia. Alikaa barazani na sindano yake kutwa nzima, mpole, mwenye vidole virefu, na kifua kibovu tangu utotoni. Msimu wa mvua tulikuwa tukimsikia akikohoa kutoka nyumba ya tatu. Aliyekuwa na mabega ni mdogo wake, shemeji yangu, ambaye alipakua mitumbwi na kuuza chumvi kwa Warundi wa sokoni. Shemeji akamwendea mnyapara, akaomba kwa adabu apokelewe badala ya kaka yake. Mnyapara akamtazama mabega, akasema vema, njoo na wewe. Ndivyo nyumba yetu ilivyotoa watu wawili.

Mimi nilijitia mwenyewe. Wapagazi walihitaji wanawake wa kuwapikia, na mama mkwe alipoanza kusema nani atabaki kumtwangia muhogo, nilikuwa nimeshafunga kibwebwe. Nitasema wazi: nilimwogopa mama mkwe kuliko mlima. Hilo lilikuwa kosa la hesabu, lakini mlima nilikuwa siujui, na mama mkwe nilikuwa namjua.

Asubuhi ya kuondoka, mizigo ilipangwa mchangani mbele ya ziwa. Kulikuwa na hema na vigingi vyake, masanduku ya vyakula vya kopo, kitanda cha kukunja, meza, kiti, bunduki, na kile chombo chenye miguu mitatu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa ila mtu mmoja. Na kulikuwa na beseni. Beseni la bati la kuogea, refu kiasi cha mtu kujinyoosha ndani, limepakwa rangi nyeupe. Wapagazi walipoliona kila mmoja alianza kujishughulisha na mzigo mwingine. Mume wangu, ambaye hakuwa na ujanja wa namna hiyo, alipoinua macho akakuta vitu vyote vimeshapata wenyewe isipokuwa lile beseni.

"Hii iko nyepesi," akaniambia, akiligonga kwa kidole. "Ni bati tu."

Lilikuwa jepesi kweli, mpaka upepo ulipoanza. Juu ya Kizuka, michikichi ilipokwisha na njia ikasimama wima, upepo uliingia ndani ya beseni ukamvuta huku na huku. Mara nyingine alikwenda kama mlevi, mikono yote miwili juu, ngata imemteleza hadi usoni. Wenzake walicheka. Nami nilicheka mwanzoni. Shemeji, aliyekuwa na sanduku la makopo kichwani, alitembea upande wa bondeni ili kaka yake akisukumwa asukumwe kwake.

Sitaki kusimulia kupanda kote. Aliyepanda anajua, na asiyepanda akae ufukoni ashukuru. Unapanda, unafika unapodhani ni kileleni, na hapo ndipo unaona kilima kingine kimekaa nyuma kinakungoja. Jioni Bwana anasema "hapa," na papo hapo, kabla hujatua mzigo, kazi ya pili inaanza. Wanaume wanafyeka majani, wanasimamisha hema la Bwana, wanachimba mtaro kulizunguka ili mvua isiingie, wanalifunga kwa kamba na kugongelea vigingi. Kisha wanachota maji kijitoni, wanayachemsha, wanayamimina kwenye beseni, na Mdachi anaoga. Kila jioni anaoga! Katika baridi ambayo sisi tuliogopa hata kunawa uso, yeye alikaa mle ndani akiimba. Tulimsikiliza tukiwa tumejikunyata, tukaafikiana kwamba hana akili.

Sisi wenyewe tulilala chini ya matawi. Kuni zilikuwa mbichi, zinatoa moshi bila moto, na macho yetu yakawa mekundu. Miti ya huko ina ndevu, na ndevu zake zinadondosha maji hata mvua isiponyesha. Nguo zetu zilikuwa za ufukoni, kaniki moja na shuka moja. Asubuhi ya kwanza nilipotaka kupika, nilipindua kibuyu cha mawese na hakuna kilichotoka. Nikakitikisa. Nikachungulia. Mafuta yalikuwa yameganda, mazito na ya njano. Nilikuwa sijapata kuona mawese yamesimama namna ile maishani mwangu. Nikakaa chini nikalia, na mume wangu alipouliza kuna nini, nikamwambia mafuta yamekufa.

Hakucheka. Alianza kukohoa tu. Kikohozi chake kilikuwa kimebadilika tangu tulipoingia kwenye ukungu, kimeshuka chini kifuani, na alikuwa anashika ubavu kila anapokohoa. Nilikijua hicho ni kichomi. Nilimpasha ubavu kwa jiwe la moto lililofungwa kitambaani, kwa kuwa sikuwa na dawa nyingine, naye akasema afadhali. Alikuwa mtu wa kusema afadhali.

Siku iliyofuata alipotwishwa beseni kichwani alipiga hatua chache akakaa nalo chini. Mnyapara akaja na kiboko chake mkononi. Kwa haki yake niseme kwamba hakumpiga. Alimtazama, akamwita Bwana, Bwana akatazama mawinguni badala ya kumtazama mgonjwa, maana alikuwa na haraka ya kupima kilima cha mbele kabla ukungu haujashuka. Wakasemezana. Kisha mnyapara akatueleza.

"Mgonjwa abaki hapa apumzike, na huyu ndugu yake na mkewe wabaki naye, na beseni libaki nao," alisema. "Bwana atafanya bila beseni. Sisi tunakwenda kile kilima, tutakaa siku mbili tatu, kisha tutarudi kwa njia ya chini, ile ya uwanda wenye zizi la ng'ombe. Mtungojee pale. Nikipita nisiwakute, nyinyi ni watoro mlioiba mali ya Bwana. Na malipo ya mtoro mnayajua."

Tuliyajua. Hamsa-ishirini, ndivyo tulivyoyaita, viboko ishirini na vitano vya mgongoni mbele ya watu, na mwenye kupigwa lazima ashukuru mwishoni. Nilishaona mwanamume mzima wa afya yake akinyanyuliwa kutoka pale kama nguo iliyofuliwa. Nilimtazama mume wangu, mbavu zake zikipanda na kushuka, nikajua hatapita hata nusu. Tangu saa ile sikuwa na wazo jingine kichwani. Tufike uwandani mapema, wapite watukute, basi.

Tulipumzika siku ile, na kesho yake tukatembea polepole. Shemeji alikuwa na beseni kichwani na kaka yake begani. Mimi nilikuwa na sufuria, unga wa muhogo, furushi la ndagala wakavu, na jiwe langu la kupasha ubavu, ambalo nililibeba kwa kuwa sikuamini nitapata jingine zuri kama lile. Mvua ilinyesha kutwa. Tulilala njiani chini ya jabali. Kulipokucha tulitokea kwenye uwanda wa nyasi fupi, na kweli palikuwa na zizi, na kibanda chenye moshi, na mchungaji mmoja mrefu aliyejifunika ngozi, amesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo yake.

Sasa lazima nieleze Kirundi chetu, maana hapo ndipo tulipofia. Leo mtoto yeyote wa Rumonge anakiongea Kirundi kama maji, na akinisikia nikisimulia haya atanicheka mpaka akae chini. Lakini wakati ule nyumba zetu zilikaa peke yazo. Tulijua Kirundi cha sokoni: amahoro ya kusalimu, murakoze ya kushukuru, mbaazi, chumvi, hapana, punguza. Shemeji ndiye aliyejigamba kwamba anakijua chote. Na miongoni mwa maneno aliyoyajua sana lilikuwa *ejo*. Sokoni unalisikia siku nzima. Mrundi anakuahidi ngozi, ejo. Anakuahidi mbuzi, ejo. Ejo ni kesho, kila mwuza chumvi alilijua hilo.

Basi shemeji akamsogelea mchungaji, akamsalimu amahoro, na mchungaji akaitikia amahoro. Shemeji akachora kwa mikono kofia ya Mdachi na bunduki na watu wengi wenye mizigo, akauliza wako wapi.

Mchungaji akasema, "*Baje ejo*."

Shemeji akatugeukia, uso wote umechanua. "Mumesikia? Baje ejo! Waje kesho. Batakuya kesho."

"Una hakika?" nikamwuliza.

"Shemeji, hata wewe uliye na masikio umesikia. Baje, waje. Ejo, kesho. Kirundi na Kiswahili ni mutu na ndugu yake."

Nami nilikuwa nimesikia vilevile. Baje, waje. Ungesema mtu anatusomea herufi. Mume wangu alijiachia chini kwenye nyasi akafumba macho, akasema alhamdulillahi, na mimi nikatua sufuria. Tumewahi. Sikuwahi kufurahi namna ile juu ya mlima, na sikufurahi tena.

Tulipiga kambi yetu, watu watatu, na naweza kusema ilikuwa kambi nzuri. Shemeji alikata matawi akalisimamisha beseni kwa ubavu, likawa ukuta wa kuzuia upepo, kisha akaezeka kwa majani. Mvua ilipozidi tulilipindua juu ya vigogo, na mume wangu akalala chini yake kama kobe. Tuliwasha moto mbele, bati likapokea joto likamrudishia mgongoni. Nje lilikuwa jeusi kwa masizi na limebonyea kwenye jiwe. Nilisema Bwana atakasirika. Shemeji akasema ataoga ndani, haogi nje.

Mchungaji alikuwa mtu mwema, nitamshuhudia hata mbele ya Mungu. Alituletea kaa la moto siku ya kwanza, na mbaazi kwenye kikapu. Maziwa alitunyima. Nilikwenda na kibakuli changu nikaonyesha mgonjwa, naye akanusa furushi la ndagala, akarudi nyuma. Mkewe alinieleza kwa ishara kwamba mla samaki akinywa, ng'ombe atakauka chuchu. Niliudhika. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba samaki wetu ni safi kuliko ng'ombe wake, naye akanijibu kwa Kirundi, bila shaka kitu cha namna hiyohiyo, na kila mmoja akaenda zake akiwa ameridhika.

Kesho yake hatukuona mtu. Ukungu ulikuwa mzito. Shemeji akamwendea tena mchungaji, na mchungaji akasema baje, kisha neno tusilolijua, kisha ejo. Akanyoosha fimbo kuelekea chini, upande wa njia ya kushukia. Shemeji akarudi akasema, "Batakuya kesho, batapita pale, anatuonyesha." Siku iliyofuata mchungaji alikuja mwenyewe. Alitutazama tulivyokaa, akamtazama mgonjwa, akasema kitu kirefu, na tulipokosa kuelewa akapaza sauti, kama watu wanavyompigia kelele kiziwi. Mwisho wa maneno yote, tena ejo. Akapiga nyasi kwa fimbo.

"Anakasirika nini?" nikauliza.

"Ni watu wa hasira hawa," akasema shemeji, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Kila asubuhi tulisema leo. Unga uliisha, tukala mbaazi. Mume wangu alianza kutema makohozi yenye rangi ya kutu, na usiku aliongea na mama yake. Mchana akili zake zilirudi, na alichouliza kilikuwa kimoja tu. "Hawajapita?" Nikamwambia hawajapita. "Basi vizuri," akasema. "Basi hatujawa watoro."

Aliyetufumbua macho ni yule mwanamke tuliyegombana naye juu ya maziwa. Alikuja na kuni kavu kichwani, akazitua, akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono. Akaonyesha njia. Akatembeza vidole viwili hewani, tena na tena, watu wengi. Kisha akalaza shavu kwenye kiganja, akafumba macho, akafumbua. Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, tunalala, kesho wanakuja. Akatikisa kichwa kwa nguvu. Akatuigiza mimi na wenzangu tukitokea msituni. Akarudi kabla ya hapo, akalaza shavu, na mkono wake wa pili akautupa nyuma ya bega lake, mbali, kama anayetupa takataka. Ejo, akasema. Akautupa tena. Ejo.

Nilimtazama mdomo na mkono. Halafu nikaelewa, na mwili wote ukawa baridi kuliko baridi ya mlima. Wale watu wana neno moja kwa siku iliyopita na siku ijayo. Na baje yao si waje, ni walikuja. Walikuja jana. Siku ile tulipofika, tayari ilikuwa jana. Baadaye tulisikia kwamba Bwana alikuta ukungu mtupu kwenye kilima chake, akakasirika, akageuza msafara mapema. Mvua ilifuta nyayo zao, na ng'ombe wakamalizia.

Nikamwambia shemeji. Alikaa chini. Alikuwa mtu wa kujibu kila mtu. "Sokoni," akasema mwishoni, "sokoni hakuna mutu anaongea habari ya jana."

Kisha akainuka akasema tushukie kusini, tutafute mtumbwi, tuvuke kwenda ng'ambo kwa Wabelgiji. Tuna ndugu huko. Mdachi hatatufuata. Mimi nilikuwa tayari. Mume wangu, chini ya beseni lake, alitusikia.

"Mama iko Rumonge," akasema. "Wakinikosa mimi, watamuuliza mama. Munirudishe."

Shemeji akamfunga kaka yake mgongoni kwa shuka, jinsi sisi wanawake tunavyofunga mtoto, na tukashuka. Yule mwanamke alitusindikiza mpaka mwisho wa nyasi. Nilimwambia murakoze, nikaona ni neno dogo mno, lakini sikuwa na Kirundi kikubwa zaidi. Mimi nilibeba beseni. Naujua uzito wake mpaka leo, najua jinsi linavyochukua upepo. Shemeji hakumtua kaka yake ila kwenye mito, kuvuta pumzi, na mtelemko wote ule aliongea naye. Alimsimulia kila mtu wa Rumonge na upuuzi wake, ili asilale. Tulipoanza kuliona ziwa kati ya michikichi, mume wangu akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna joto, na ilikuwa kweli.

Askari walitupokea kabla hatujafika nyumbani.

Shauri lilifanyika mbele ya hema la Bwana, lililokuwa limesimamishwa ufukoni. Mama mkwe alikuwa amesimama na majirani, kitambaa mdomoni. Bwana alilitazama beseni lake kwanza, ule weusi na ule mbonyeo. Mume wangu aliketishwa mchangani kwa kuwa hakuweza kusimama. Shemeji akaeleza, na mnyapara akatafsiri. Akaeleza mchungaji, akaeleza baje, akaeleza ejo. "Bwana, kwao jana ni ejo na kesho ni ejo," akasema. "Tuliingoja kesho, kumbe ni jana."

Mnyapara aliacha kutafsiri. Alicheka. "Wewe mwongo hata kutunga hujui," akamwambia. "Duniani hakuna watu wasiojua kutenga jana na kesho. Hata mbuzi anajua." Sijui alimwambia nini Bwana kwa Kidachi chake, lakini Bwana alitabasamu kidogo, akatikisa kichwa, akasema neno moja. Mnyapara akatutangazia. Hamsa-ishirini kwa mwenye mzigo.

Mwenye mzigo alikuwa mume wangu. Nilimwona akijaribu kusimama. Alijishika kwenye mguu wa askari ili ainuke, na askari akamwachia ajishike. Hatua zote zile, mvua yote ile, mbaazi, jiwe la moto, na tulikuwa tumemleta palepale tulipokuwa tunamkimbiza asifike.

Shemeji akavua kanzu. Aliivua kwa utulivu, akaikunja, akaiweka mchangani. "Sikio lililosikia vibaya ni langu," akasema. "Yeye hakusikia kitu, alikuwa mugonjwa. Mupige sikio." Mnyapara akatafsiri hilo, nadhani kwa sababu lilimchekesha. Bwana aliangalia saa yake. Kwake ilikuwa lazima mgongo mmoja upigwe jioni ile, na haikumhusu ni upi. Akapunga mkono: haya.

Sitasimulia. Nitasema tu kwamba shemeji alishukuru mwishoni, kama ilivyotakiwa, na alisema kwa Kirundi, murakoze, na hakuna aliyecheka.

Nikawa na wagonjwa wawili chumba kimoja. Mmoja analala chali kwa sababu ya kifua, mwingine kifudifudi kwa sababu ya mgongo, mikeka yao imepakana. Asubuhi nilimpaka shemeji mawese kwa unyoya wa kuku, kisha nikageuka kumpasha mume wangu ubavu. Mama mkwe alitwanga muhogo mwenyewe. Wao wawili waliongea kwa kunong'ona, wakicheka mara nyingine. Nilichoka kiasi kwamba nililala nimekaa, kitambaa mkononi. Nilidhani tumeshinda. Viboko havikumgusa, nilisema moyoni, kilichobaki ni kikohozi, na kikohozi tunakijua.

Alikufa alfajiri moja, kimya, wakati nimekwenda kuchota maji. Ngozi ya mgongo wa shemeji ilikuwa bado haijashika.

Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Nilisimama uani nikachungulia kwenye upenyo wa matete. Wanaume walikuwa wamejaa, kila mmoja akitaka kuweka bega lake, maana ndiyo heshima ya mwisho, wanapokezana hatua chache chache ili wote wapate. Shemeji alitoka ndani amevaa kanzu safi, nayo ilikuwa imeshamgandia mgongoni, inaonyesha mahali pa viboko. Akaenda moja kwa moja mbele, akainama, akaweka bega chini ya jeneza la kaka yake.

Alipojinyoosha, kanzu ilibadilika rangi. Akapiga hatua moja. Magoti yakamwacha. Wakamshika kabla hajaanguka, mtu mwingine akaingia mahali pake, na mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Acha, mwanangu, wewe umeshabeba." Hakubisha. Jeneza likaenda, likipita bega kwa bega, majirani, wavuvi, watu ambao hawakumjua mume wangu ila kwa kofia alizowashonea. Mtu aliyembeba ndugu yake peke yake kutoka kule juu alitembea nyuma ya wote, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi.

Mdachi aliondoka baadaye, wakaja hawa wengine. Mambo yake mengi nimeyasamehe, si kwa wema, kwa kuchoka tu. Hilo la mikono ya shemeji sijalisamehe.